Asilimia 20 za aina gani? Kusoma vitundu na upenyevu wa miamba ya chokaa kwa logi za kisima

Chini ya jangwa la Oman na Imarati kuna tabaka liitwalo Shuaiba. Ni chokaa iliyotuama baharini zaidi ya miaka milioni 110 iliyopita. Katika eneo la mafuta la Yibal, Oman, tabaka hilo ni laini mithili ya chaki. Uvinyweleo wake, yaani sehemu ya mwamba iliyo tupu, hufika asilimia 30 na kuzidi, lakini upenyevu, yaani wepesi wa mafuta kupita ndani yake, mara nyingi huishia kwenye milidarsi (kizio cha upenyevu) chache au makumi. Ukienda Bu Hasa, Abu Dhabi, tabaka lilelile lina sehemu zilizojaa magamba ya rudisti, viumbe wa jamii ya chaza waliotoweka pamoja na dinosauri. Humo upenyevu hupanda hadi mamia ya milidarsi bila uvinyweleo kuwa mkubwa kuliko wa Yibal.

Yibal haikuwa hasara hata kidogo. Ndilo eneo lililoibeba Oman kwa miaka mingi. Ila mtu aliyeshika namba ya uvinyweleo peke yake angetabiri kinyume kabisa cha jinsi miamba hii miwili inavyotiririsha. Na namba hiyo ndiyo logi za kisima, yaani vipimo vya vifaa vinavyoshushwa ndani ya kisima, zinazotupa kwa urahisi zaidi. Upenyevu hazitupi. Hakuna kifaa kinachoshushwa kwa waya ndani ya kisima kikapima upenyevu moja kwa moja, futi baada ya futi. Tunaukisia kutokana na mambo mengine. Kwenye mchanga makisio hayo huwa na adabu. Kwenye chokaa yanaweza kukosea mara mia, juu au chini, na aliyeyafanya asijue.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo na jinsi wasomaji wazuri wa logi wanavyojitoa katika mtego huo. Kwa kifupi, vipimo viwili vya mwamba mmoja vikigombana, usikimbilie kuvipatanisha. Katika chokaa, ugomvi huo mara nyingi ndio unaotaja aina ya vitundu.

Tuanze na mchanga. Mwamba wa mchanga ni punje zilizorundikana, na nafasi iliyo tupu ni ile iliyobaki kati ya punje. Punje zikiwa kubwa na za ukubwa mmoja, njia kati yake ni pana; zikiwa ndogo, njia hubana. Kozeny mwaka 1927 na Carman mwaka 1937 waliliweka jambo hili katika hesabu: ukijua uvinyweleo, na ukijua eneo la kuta ambazo kimiminika kinajisugua nazo, unaweza kukadiria upenyevu. Chora uvinyweleo upande mmoja na logarithimu ya upenyevu upande wa pili, na sampuli nyingi za mchanga zitajipanga karibu na mstari.

Chokaa haikuzaliwa hivyo. Ni mabaki ya viumbe: magamba, matumbawe, mwani, na tope lililotokana nao. Baada ya kutuama, maji ya mvua na ya ardhini huiyeyusha hapa na kuigandisha pale, na wakati mwingine magnesi huingia na kuigeuza dolomaiti. Anayeishi pwani yetu anaweza kuyaona haya kwa macho. Tazama tofali la matumbawe lililovunjika upya katika ukuta wa Mji Mkongwe au wa Mombasa. Utaona tundu lenye umbo kamili la konokono, na konokono mwenyewe hayupo: gamba limeyeyuka na kuacha kalibu yake. Pembeni kuna shimo linaloingia kidole, limeungana na jingine kwa mfereji. Kati ya mashimo hayo, mwamba unaoonekana mzima una vinyweleo ambavyo hutaviona bila hadubini. Jiwe moja lina familia tatu za nafasi tupu, na kila familia inapitisha maji kwa namna yake.

Wanajiolojia wana majina mengi ya vitundu hivi. Uainishaji wa Choquette na Pray wa mwaka 1970 bado unatumika kila mahali. Kwa kazi ya mtiririko, mimi naona mgawanyo wa mwanajiolojia Jerry Lucia ndio unaofaa zaidi, kwa sababu unauliza swali moja tu: nafasi hii imeunganishwa na nini? Kuna nafasi baina ya punje au fuwele, inayofanya kazi kama ya mchanga. Kuna matundu yaliyotengana, kama kalibu ya konokono, ambayo ili utoke ndani yake lazima upite kwenye nafasi ndogo za mwamba unaoizunguka. Na kuna matundu yaliyogusana, yaani mapango, mifereji na nyufa zilizoungana zenyewe kwa zenyewe, ambazo mafuta hukimbia ndani yake bila kuhitaji mwamba wa pembeni. Matundu yaliyotengana huongeza uvinyweleo mwingi na upenyevu kiduchu. Yaliyogusana huongeza uvinyweleo kiduchu na upenyevu mwingi. Hapo ndipo mstari wa mchanga unapovunjika.

Sasa logi zinaona nini? Logi ya densiti hupiga mwamba kwa miali ya gama na kuhesabu inayorudi. Logi ya nyutroni huhesabu jinsi nyutroni zinavyopunguzwa kasi na haidrojeni, ambayo kwa kawaida iko kwenye maji na mafuta. Zote mbili zinajumlisha. Hazijali kama nafasi tupu ni kalibu, pango au kinyweleo. Asilimia 20 ni asilimia 20. Ukiziweka pamoja unapata uvinyweleo wote, mradi umejua madini. Hilo la madini si dogo: kalsaiti safi, madini makuu ya chokaa, ina densiti ya gramu 2.71 kwa sentimita moja ya ujazo, dolomaiti karibu 2.87, anhidraiti karibu 2.98. Logi ikisoma 2.37 katika mwamba wenye maji, ukidhani ni kalsaiti utapata karibu asilimia 20. Ukidhani ni dolomaiti utapata karibu 27. Ndiyo maana hutazamwa pia logi ya ufyonzaji wa fotoni, ambayo husoma karibu 5 kwenye kalsaiti na karibu 3 kwenye dolomaiti. Suala la madini limalizwe kwanza, kabla mtu hajaanza kuzungumzia vitundu.

Logi ya sauti ni tofauti, na hapa ndipo utamu unapoanza. Yenyewe hupima muda ambao wimbi linachukua kusafiri futi moja ya mwamba. Wimbi la kwanza kufika ni lile lililopata njia ya haraka kuliko yote. Mwamba ukiwa na vinyweleo vidogo vilivyosambaa kati ya punje, hakuna njia ya kuvikwepa, kwa hiyo wimbi linachelewa. Nafasi ikiwa imekusanyika katika kalibu za mviringo zilizofungwa ndani ya fremu ngumu iliyogandishwa vizuri, wimbi huzunguka kupitia fremu na kufika mapema. Kwa maneno mengine, densiti inaliona tundu na sauti inalipita pembeni.

Tufanye hesabu. Chukua tabaka la kalsaiti lenye maji, densiti 2.37. Uvinyweleo wa densiti ni 2.71 toa 2.37, gawanya kwa 2.71 toa 1.0, yaani karibu asilimia 20. Logi ya sauti palepale inasoma mikrosekunde 62 kwa futi. Kwa kanuni ya Wyllie ya mwaka 1956, inayokisia uvinyweleo kutokana na muda wa sauti, kalsaiti isiyo na vitundu ni 47.5 na maji ni 189, kwa hiyo uvinyweleo wa sauti ni 14.5 gawanya kwa 141.5, karibu asilimia 10. Vifaa viwili, mwamba mmoja, tofauti ya asilimia 10. Anayetaka mambo yaishe haraka atachukua wastani, aandike 15, aendelee. Atakuwa ametupa kitu cha thamani kuliko vyote alivyopimiwa, kwa sababu zile asilimia 10 zilizopotea kwenye sauti ndizo dalili ya matundu yaliyotengana.

Anselmetti na Eberli, waliochunguza chokaa changa ya Bahamas na ya zamani kutoka Maiella, Italia, waliligeuza jambo hili kuwa logi kamili. Unachukua uvinyweleo wa densiti na nyutroni, unakokotoa kasi ambayo sauti ingepaswa kuwa nayo kwa kanuni ya Wyllie, kisha unatoa kasi hiyo kwenye ile iliyopimwa. Katika mfano wetu, asilimia 20 ingetabiri kasi ya karibu mita 4,030 kwa sekunde, na iliyopimwa ni karibu mita 4,920. Mkengeuko ni karibu mita 890 kwa sekunde, upande wa juu. Kwa kigezo chao, mkengeuko unaozidi mita 500 upande wa juu huashiria kalibu na vitundu vya ndani ya visukuku. Ukiwa kati ya 500 juu na 500 chini, ni nafasi baina ya punje, baina ya fuwele, au vinyweleo vidogo mno. Ukishuka chini ya hapo, shuku nyufa, gesi, au ukuta wa kisima uliobomoka. Hilo la mwisho lazima likaguliwe kwenye logi ya kipenyo kabla ya yote, kwa sababu kisima kilichobomoka hudanganya densiti, na densiti iliyodanganywa huzalisha matundu ambayo hayapo.

Kumbuka pia kundi la katikati lina watu wawili wasiofanana: nafasi safi baina ya punje kubwa, inayotiririsha vizuri, na vinyweleo vidogo vya chaki, visivyotiririsha. Sauti haiwezi kuwatenganisha.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye umeme, na unagusa mfuko moja kwa moja. Mwaka 1942 Gus Archie aliandika uhusiano kati ya ukinzani wa mwamba, uvinyweleo, na kiasi cha maji ndani yake. Ndani ya uhusiano huo kuna kipeo kiitwacho m, ambacho kinasema mkondo wa umeme unahangaika kiasi gani kupita kwenye vitundu. Kwa mchanga na kwa chokaa ya punje, 2 inafaa. Kwenye matundu yaliyotengana umeme nao unaona nafasi isiyousaidia kupita, na m hupanda hadi 3 au zaidi. Kwenye nyufa njia imenyooka, na m hushuka kuelekea 1.

Turudi kwenye tabaka letu la asilimia 20, lakini safari hii tuseme lina mafuta. Ukinzani wa maji yake ni 0.02 na ukinzani uliopimwa ni ohm-mita 5. Ukitumia m ya 2, maji ni asilimia 32 na yaliyobaki ni mafuta, timu itafurahi. Ukitumia m ya 3, maji ni asilimia 71, na huenda kisima kikatoa maji zaidi ya mafuta. Hakuna kilichobadilika ardhini. Kilichobadilika ni imani ya mtu kuhusu umbo la vitundu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba aina ya vitundu si pambo la ripoti ya kijiolojia. Inaingia kwenye hesabu ya mapipa kabla hata hujafika kwenye upenyevu.

Logi ya mwitiko wa sumaku wa viini, NMR, inakaribia zaidi kupima ukubwa wa vitundu. Protoni za haidrojeni kwenye kimiminika hupangwa kwa sumaku, kisha hupimwa muda zinaochukua kupoteza mpangilio huo, unaoitwa T2. Zilizo kwenye kitundu kidogo hugonga ukuta mara nyingi na kuupoteza upesi. Zilizo kwenye tundu kubwa huchelewa. Kwa mchanga, mpaka kati ya maji yaliyonaswa na yanayotembea huwekwa karibu na milisekunde 33. Kwenye kaboneti, yaani chokaa na dolomaiti, kuta zinamaliza mpangilio huo polepole zaidi, na mpaka unaotumika sana ni karibu 92. Anayesahau kubadilisha mpaka huo hugeuza maji yasiyotembea kuwa mafuta yanayotembea.

NMR ni msaada mkubwa kwa mwamba wa aina ya Yibal, kwa sababu inaona vinyweleo vidogo ambavyo sauti ilivichanganya na vikubwa. Lakini fomula zake za upenyevu zilitengenezwa kwa dhana kwamba kitundu kikubwa kina mlango mkubwa. Kalibu ya konokono ni kitundu kikubwa chenye mlango wa sindano. T2 yake ni ndefu, fomula inapiga kelele za upenyevu mkubwa, na mwamba hautoi kitu. Kinyume chake pia hutokea: protoni huhama kutoka kinyweleo kidogo hadi kikubwa kabla hazijapoteza mpangilio, na familia mbili zilizo mbalimbali huonekana kama moja ya katikati. Weka NMR kando ya mkengeuko wa sauti. T2 ndefu ikiwa na mkengeuko mkubwa wa juu, punguza matumaini. T2 ndefu bila mkengeuko, huenda umepata njia pana za kweli baina ya punje.

Matundu yaliyogusana na nyufa yanahitaji macho mengine. Logi ya picha za umeme hupapasa ukuta wa kisima kwa vitufe vidogo na kuchora kila kitu cha ukubwa wa milimita chache: mapango, magamba, na nyufa zinazojitokeza kama mawimbi yanayopanda na kushuka kuzunguka ukuta. Ni picha nzuri mno, na uzuri wake unaweza kumlevya mtu. Inaonyesha ukuta, haionyeshi kama ufa unaendelea ndani. Kwa hilo hutazamwa wimbi la Stoneley, linalosafiri kando ya ukuta wa kisima na kupoteza nguvu kimiminika kinapoweza kusukumwa kuingia mwambani. Hutazamwa pia daftari la wachorongaji wa kisima: ni kina gani tope la kuchorongea lilipotea ghafla? Tope lililopotea ni jaribio la mtiririko ambalo hakuna aliyelilipia.

Baada ya kujua vitundu, upenyevu unakadiriwaje? Lucia aligawa chokaa isiyo na matundu yaliyogusana katika madaraja matatu kwa ukubwa wa punje au fuwele: zaidi ya mikromita 100, kati ya 20 na 100, na chini ya 20. Kila daraja lina mstari wake. Kwa uvinyweleo wa asilimia 25, daraja la kwanza linatoa maelfu ya milidarsi, la pili mamia, na la tatu halifiki 10. Siri iko kwenye uvinyweleo unaoingizwa: ni ule wa baina ya punje peke yake, ukishatoa matundu yaliyotengana. Tabaka letu likichukuliwa kuwa la asilimia 20 zote, mstari wa daraja la pili unatoa makumi ya milidarsi. Ukitoa zile 10 ambazo sauti ilizikwepa, unabaki na karibu milidarsi moja au pungufu. Kutoka kisima cha kujivunia hadi kisima cha mashaka, kwa sababu ya logi moja iliyosikilizwa au kupuuzwa.

Mistari yote hii, pamoja na mbinu ya Amaefule na wenzake ya mwaka 1993, inayogawa mwamba katika makundi yanayotiririsha kwa namna moja, na mitandao ya nyuroni inayopendwa siku hizi, inasawazishwa kwa sampuli za mwamba zilizopandishwa kutoka kisimani. Sampuli hizo kwa kawaida ni vipande vya mviringo vyenye kipenyo cha inchi moja au moja na nusu. Pango la inchi mbili halitoshi ndani ya kipande cha inchi moja. Mwamba wenye nyufa nyingi huvunjika ukipandishwa, na vipande hukatwa kwenye sehemu nzima, zilizobaki imara. Kwa hiyo data ya mafunzo inakosa hasa miamba inayotiririsha kuliko yote, na mashine iliyofunzwa kwayo haitawahi kuitabiri, iwe na tabaka za nyuroni kumi au mia.

Kuna kosa jingine la kihesabu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Karibu kila mtu hutabiri logarithimu ya upenyevu, kisha huigeuza. Chukua vipande vitano vya tabaka moja: vinne vina milidarsi 1, cha tano kina 1,000. Wastani wa logarithimu ukigeuzwa unatoa karibu 4. Lakini tabaka zinazopeleka mafuta kisimani kwa ubavu hujumlishwa kwa wastani wa kawaida, ambao hapa ni karibu 201. Makisio yamepungua mara hamsini, na grafu ya ulinganisho bado itaonekana safi, kwa sababu nukta nne kati ya tano zimekaa vizuri.

Ghawar, Saudi Arabia, ni ushahidi mkubwa wa jambo hili. Katika chokaa yake ya Arab-D kuna mikanda myembamba, wahandisi wanaiita super-k, ambayo hupitisha sehemu kubwa ya mtiririko wa kisima katika futi chache, na maji nayo huipenda njia hiyohiyo. Logi za uvinyweleo pekee zinaweza kuivuka mikanda hiyo bila kushtuka. Iligundulika vizuri kwa vipimo vya mtiririko ndani ya visima vinavyozalisha.

Kwa hiyo upenyevu wa logi hulinganishwa na jaribio la kisima, linalopima jinsi kisima kizima kinavyotiririsha. Jumlisha upenyevu wa kila futi kutoka juu hadi chini, uweke kando ya zao la upenyevu na unene lililotoka kwenye jaribio. Tuseme logi zinasema milidarsi-futi 300 na jaribio linasema 3,000. Desturi iliyozoeleka ni kuzidisha kila futi kwa 10 ili hesabu zilingane, na ni desturi mbaya, kwa sababu inaifanya chaki itiririshe kama pango. Shusha kipimo cha mtiririko, tafuta futi zinazotoa mafuta, kisha rudi kwenye picha, kwenye Stoneley na kwenye daftari la tope lililopotea kwa kina hichohicho. Mara nyingi zile 2,700 zilizopungua zitakuwa zimekaa kwenye futi mbili au tatu, na futi nyingine zote zilikuwa sahihi tangu mwanzo.